Kikombe cha Kwanza kwa Rubani

Mpaka sehemu ya nne ya mchezo inakwisha, hakuna msikilizaji hata mmoja wa Redio Tautai aliyekuwa ameelewa kwamba ulihusu maji.

Fuatino alikuwa ameuandika wazi hadi akaona aibu mwenyewe. Ni mwaka elfu mbili na mia nne, watu wa visiwa wamehamia sayari nyingine, na sayari hiyo ina shimo moja tu linalotoa hewa. Anakuja mgeni kwa chombo kinachong'aa, jina lake Jemadari Zeko, anawaambia wazee: nipeni shimo kwa miaka sitini, nitaitia hewa kwenye chupa niwauzie, na zaidi ya hayo nitawaezekea kanisa. Huku duniani, katika kijiji cha Punalelei kisiwani Savai'i, kampuni ya maji ya chupa ilikuwa imeomba chemchemi kwa miaka sitini, na zaidi ya hayo ilikuwa imeahidi kuezeka kanisa. Kilichobaki ni Fuatino kumpa Jemadari jina la meneja wa kampuni na namba yake ya simu.

Baraza la machifu lingetoa neno lake Jumamosi, siku moja baada ya sehemu ya sita. Fuatino hakuwa na nafasi pale. Alikuwa ameolewa kutoka kijiji kingine, na mke wa namna hiyo, siku ya baraza, kazi yake ni kupika. Mumewe Peniamina hakuwa na cheo. Yeye alikuwa mmoja wa wanaume wanaokamua ava, kile kinywaji cha mizizi ambacho bila kunywewa kwanza hakuna neno la maana linalosemwa, kisha hukaa kimya nyuma ya bakuli. Watu wazima wawili na watoto wanne, wote wakinywa, wakioga na kufua kwa chemchemi ile, na katika nyumba nzima hakuna mdomo wa kusema hapana.

Ila Fuatino alikuwa na redio. Kila asubuhi alisoma matangazo ya vifo, na kila Ijumaa saa sita mchana alikuwa na nusu saa ya mchezo. Basi akautumia mdomo aliokuwa nao.

Meneja wa redio, Iosua, alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, mtu mpole aliyeogopa simu kama wengine wanavyoogopa nyuki. Alimwambia tangu sehemu ya kwanza, "Shemeji, kila anayepiga simu, andika kwenye daftari. Nikikuta mwanasiasa mmoja tu amekasirika, mchezo huu nauzika."

Fuatino aliandika. Sehemu ya kwanza: mwanamke wa Salelologa aliuliza watu wa sayari ile ni Wakatoliki au Wamethodisti, maana haikutajwa. Sehemu ya pili: shemasi mmoja alilalamika kwamba chombo kilitua siku ya Jumapili. Sehemu ya tatu, ambamo Jemadari Zeko anamnyang'anya ajuza pumzi yake ya mwisho, msikilizaji wa Auckland alipiga simu akilia. Fuatino akashika kalamu kwa matumaini. Yule mama alikuwa akilia kwa sababu sauti ya ajuza ilimkumbusha shangazi yake, akaomba apigiwe wimbo.

Baada ya sehemu ya nne alipiga simu mbunge mwenyewe. Iosua akaweka mikono kichwani.

"Nani anaandika mchezo huu?" mbunge aliuliza.

"Mimi, mheshimiwa," alisema Fuatino.

"Safi sana, dada! Yule kijana shujaa anayepambana na mgeni, kila mtu hapa Apia ananiambia, mzee, huyo si wewe? Nimewaambia sitaki sifa. Lakini mpe sauti nzito kidogo."

Mbunge huyo ndiye aliyeileta kampuni. Fuatino aliandika daftarini: *Mbunge amefurahi.* Iosua akashusha mikono.

Kisha ikaja sehemu ya tano. Humo baraza la sayari linakaa kumsikiliza Jemadari, na kwa kuwa ni baraza, lazima ava inywewe. Fuatino aliiandika huku akimenya ndizi na kumsimamia mtoto wa tatu afanye hesabu zake. Siku ya kurekodi, yule aliyekaa karibu na kipaza sauti alikuwa mwigizaji wa rubani wa chombo cha Jemadari, na kunywa kulipaswa kusikika. Basi mwenye kuita vikombe, yaani kutangaza zamu ya kila mnywaji, akaita, kwa sauti ndefu ya kupendeza, kikombe cha kwanza kwa rubani.

Simu ililia kabla muziki wa mwisho haujaisha.

"Wewe mama," alisema mzee mmoja bila salamu, "tangu lini dereva anakunywa kabla ya chifu?"

"Ni sayari nyingine, mzee."

"Sayari nyingine kwani hakuna adabu?"

Wa pili alisema kwamba kikombe cha msemaji, yule anayesema kwa niaba ya machifu, kilitolewa kwa namna ya kumpa chifu. Fuatino akamuuliza alijuaje wakati ni redio. Akajibiwa kwamba ilisikika. Wa tatu alikuwa mwanamke, akitaka kujua rubani ni mtoto wa nani. Hewa ya watu elfu tatu ilikuwa inauzwa palepale, kwa sauti kubwa, kwa lugha yao ya kuzaliwa, na kisiwa kizima kilikuwa kimeshikwa na kiu kwa niaba ya chifu wa kubuni.

Jumatatu asubuhi wasemaji watatu wa Punalelei walifika redioni, wamevaa nadhifu, wamepaka mafuta. Aliyewaongoza ni Fonomalii, msemaji mkuu wa baraza. Fuatino alimjua vizuri. Wiki tatu nzima mzee huyo alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akilisifu paa ambalo bado halijawepo, na kila mtu alijua kwamba Jumamosi akisema ndiyo, basi ni ndiyo.

"Binti yangu," alisema Fonomalii akiketi, "wewe ni mwalimu au si mwalimu?"

"Nina stashahada, baba."

"Stashahada ya nini?"

"Ualimu na uandishi wa habari."

"Na humo hawakukufundisha kwamba dereva hunywa mwisho?"

Iosua alikuwa tayari anainama. "Waheshimiwa, mchezo umefutwa. Sehemu ya sita haitakwenda hewani. Tutapiga nyimbo za kwaya."

Sehemu ya sita ndiyo iliyokuwa na kila kitu. Fuatino alikuwa ameifanyia kazi wiki tatu. Baraza linasema ndiyo, paa linaezekwa, na mwezi mmoja baadaye mama aliyejifungua anasimama kwenye foleni na kichanga mkononi kununua pumzi ya kwanza. Itangazwe Ijumaa, wazee walale nayo, Jumamosi waamke nayo. Kwaya haingefanya kazi hiyo, hata iimbe vizuri namna gani.

"Mkifuta, baba," Fuatino alisema haraka, "kosa linabaki. Watu wa Auckland wameshasikia kwamba Savai'i dereva hunywa kwanza. Ni nani atawasahihisha?"

Wasemaji wakatazamana.

"Njooni wenyewe," aliendelea. "Baraza lifanyike upya katika sehemu ya sita. Ninyi ndio mtakuwa wazee wa sayari. Vikombe viitwe kama inavyotakiwa."

"Mimi niigize?" Fonomalii alisema kwa dharau kubwa sana. Kisha akauliza, "Saa ngapi?"

Jumatano walikuja sita badala ya watatu, na bakuli lao, na mizizi yao, na Peniamina wa kukamua. Iosua alisema ava ya kuigiza inaweza kuwa maji tu. Walimtazama mpaka akatoka nje.

Ilikuwa kazi safi, hilo Fuatino alikiri moyoni. Vikombe viliitwa kwa mpangilio. Salamu za heshima za vijiji vyote vya sayari, ambazo Fonomalii alizitunga papo hapo, zilichukua dakika kumi na nane, na rubani alikunywa mwisho, kidogo, na kwa shukrani. Mwigizaji wa Jemadari Zeko akatoa ombi lake. Fuatino akampa Fonomalii ishara. Mzee akavaa miwani, akasoma karatasi kimoyomoyo, akaivua.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Unasema, 'Tumekubali, chukua shimo.'"

"Siisemi hiyo."

"Ni mchezo, baba."

"Mchezo wa nani? Sauti ni yangu. Dada yangu yuko Auckland, kaka yangu yuko Sydney, wameshaambiwa Ijumaa saa sita nitakuwa redioni. Wanisikie nikiigawa hewa ya watoto kwa mabati?"

"Kanisa zima litaezekwa," alisema Jemadari Zeko, ambaye siku nyingine ni fundi baiskeli.

"Nyamaza wewe. Kanisa ambalo ndani yake hakuna anayepumua, nani ataimba?" Akamgeukia Fuatino. "Nani aliyekuambia msemaji ana akili ndogo namna hii?"

Peniamina, nyuma ya bakuli, aliangalia mikono yake. Fuatino alihisi jibu linampanda kooni, zuri, kali, lenye jina la mtu na jina la kampuni. Akalimeza. Mtu akiambiwa wazi atasema nimetukanwa, ataondoka na bakuli lake, na Jumamosi atasema ndiyo kwa hasira.

"Samahani, baba," alisema. "Sijawahi kukaa barazani. Nilidhani ndivyo wanavyojibu."

"Ndivyo!" Fonomalii alicheka kwa uchungu. "Washa mashine yako. Nitakuonyesha wanavyojibu."

Akajibu. Alimshukuru mgeni kwa safari ndefu na kwa chombo chake kizuri. Alimsifu kwa mabati. Kisha akamwambia kwamba hewa ile si ya wazee hawa wala ya baba zao, wao wameiazima tu kwa wale ambao hawajazaliwa, na aliyeazima hauzi. Akamwomba mgeni achukue kikapu cha magimbi ya taro, apande chombo chake, na amsalimie mama yake. Wasemaji wengine waliitikia kwa sauti zilizotikisa kioo cha studio.

Kichanga, foleni, pumzi ya kwanza, vyote vilikwenda na maji. Wiki tatu za kazi. Fuatino alikunja kurasa zake nne za mwisho, akaziweka chini ya birika lisiunguze meza.

Ijumaa mchezo ulikwenda hewani. Daftari lilijaa. *Hotuba nzuri. Hotuba nzuri sana. Irudiwe. Huyo mzee ana mke?* Shemasi alisema sasa ndio mchezo. Mbunge alipiga simu kupongeza sauti nzito. Hakuna aliyetaja chemchemi. Fuatino alifunga daftari akaenda nyumbani kupika, kwa kuwa kesho yake baraza lingekula.

Nyumba ya baraza ya Punalelei haina kuta, kwa hiyo siri zake husikika hadi jikoni. Jumamosi Fuatino alikuwa akifunga majani ya taro yenye tui pamoja na wake wengine wa kijiji, moshi machoni, masikio nje. Mbunge alikuwa amekuja na meneja wa kampuni katika gari moja. Alizungumza kwanza, akataja maendeleo mara nyingi. Meneja alionyesha picha ya paa. Lilikuwa jekundu.

Kisha Fonomalii akakohoa. Alikuwa na sauti yake ya wiki tatu zile, laini, ya nyumba hadi nyumba. "Ombi la wageni wetu," alianza, "tumelitazama kwa macho ya upendo, na nadhani…"

"Msemaji," alikatiza chifu mmoja mzee, Matagi, ambaye katika mwaka mzima huwa hasemi zaidi ya mara mbili. "Lile neno la jana ulilisema vizuri. Mjukuu wangu wa Sydney amelirekodi. Lirudie, wageni nao walisikie."

"Lile lilikuwa la redio," alisema Fonomalii.

"Ndiyo. Tulisikia."

"Lirudie, lirudie," walisema wengine, na wale waliokuwa wamesimama barabarani wakaitikia. Mtu mmoja aliinua simu juu ili ndugu zake wa ng'ambo wasipitwe.

Jikoni, mikono ya Fuatino ilisimama. Fonomalii alikuwa na mabati mengi ya kufikiria, na dada mmoja wa Auckland. Kisha Fuatino akamsikia mzee akivuta pumzi na kubadilisha sauti, ile laini ikaondoka, ikaja ile ya Jumatano. Alimshukuru mgeni kwa safari ndefu. Alisifu gari lake. Halafu akasema kwamba maji yale si ya wazee hawa wala ya baba zao, na kuanzia hapo barabara nzima ilikuwa ikiitikia pamoja naye, kwa kuwa walikuwa wameshalijua.

Mbunge alikuwa wa kwanza kusimama na kutangaza kwamba hilo ndilo alilokuwa akilipigania tangu mwanzo. Meneja wa kampuni alipewa kikapu cha taro. Alikibeba mwenyewe hadi kwenye gari, akiwa hajui vizuri alichoambiwa, ila taro alizielewa.

Kikao hakikuisha hapo. Sauti zilishuka, na Fuatino hakusikia tena kitu mpaka Peniamina alipotokea mlangoni pa jiko, jasho tupu.

"Neno la kwanza, maji hayaendi popote," alisema.

"Nimesikia. Kuna la pili?"

"La pili ni sisi. Tumetozwa faini."

"Kwa kosa gani?"

"Kikombe cha rubani. Katoni kumi za samaki wa kopo."

"Nani kapendekeza kumi?"

"Fonomalii. Matagi alisema tano zinatosha, Fonomalii akasema mwenye stashahada aongezewe."

Wanawake wenzake waliacha kufunga majani wamtazame atafanyaje. Fuatino alijifuta mikono kwenye kanga yake ya kiunoni, akasogeza chungu kando ya moto.

"Nenda dukani sasa hivi ukachukue," alimwambia mumewe. "Kaziweke mbele yao kabla ya chakula, wakiwa bado wanapongezana. Na zihesabu mbele ya watu wote, huku ukikiri kosa letu kwa sauti. Nataka kikao hiki kionekane kimekwisha, na neno la kwanza lisifunguliwe tena."