Uso wa Kinanda Ukutani

Shuka lililofunika ukuta wa altare liliposhushwa Jumapili ile, waumini walipiga makofi, kisha makofi yakakatika moja moja kama mvua inayoanuka. Mama Vifungo, fundi cherehani aliyeshona majoho yote ya kwaya, alikuwa benchi la tatu. Alitazama vazi kwanza, kama kawaida yake, na akaona mumewe, aliyeichora picha hiyo, ameipatia kweli mikunjo ya kitambaa. Kisha akapandisha macho usoni.

Bikira Maria alikuwa na kidoa cheusi chini ya mdomo, na nyusi moja iliyopanda juu kuliko mwenzake. Mama Vifungo hakuhitaji kuambiwa. Huyo alikuwa Kinanda.

Kinanda lilikuwa jina la utani la binti aliyekuwa akiimba peke yake kwenye kwaya, kwa sauti ya kumsimamisha mpita njia. Mwaka uliopita joho lake lilianza kumbana. Mama Vifungo alilifumua na kulipanua mara mbili bila kuuliza kitu. Mara ya tatu aliyelileta hakuwa binti, alikuwa mwalimu wa kwaya, akasema, "Lipunguze. Atavaa mwingine." Basi, Kinanda akawa ametolewa. Hakuna aliyemfukuza kwa maneno. Watu walimhama benchi tu, mpaka akaacha kuja.

Sasa yuko ukutani, mtoto mapajani, na padri anamfukizia ubani.

"Mumeo anaijua vizuri sura hiyo, ee?" mwanamke wa pembeni alinong'ona.

Mama Vifungo akatabasamu kwa meno tu. Ndani alikuwa anawaka. Alikumbuka siku aliyompelekea mumewe chakula kanisani, akakuta ngazi na ndoo, mwenyewe hayupo. Jioni alipomuuliza, Brashi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alijibu kwamba alikwenda kutafuta rangi ya bluu. Bluu gani ya kutafutwa kutwa nzima, na mtu arudi mikono mitupu?

Nyumbani hakumsubiri hata avue viatu.

"Baba watoto, uso ule umeutoa wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani mwako kuna kidoa chini ya mdomo?"

Brashi akakuna shingo. "Nilimwahidi sitasema mpaka shuka lishuke."

"Limeshuka. Sema."

"Nilikwenda kwake kumchora. Basi."

"Mara ngapi?"

"Kadhaa."

"Na hiyo kadhaa ndiyo iliyozaa mtoto?"

Brashi alifungua mdomo, ukabaki wazi. Alikuwa mtu ambaye maneno humkimbia pale pale anapoyahitaji, na miaka yote ya ndoa mkewe alikuwa akiicheka tabia hiyo. Siku hiyo hakuona cha kucheka. Aliona mtu anayetafuta uongo.

Kesho yake asubuhi akakifunga kiduka chake, akajitupia mtandio, akaenda moja kwa moja nyuma ya karakana ya mbao, mahali Kinanda alipopanga chumba. Mlango ulikuwa wazi. Binti alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu kwa sauti kavu. Macho yake yalikwisha kwenda kwa mtoto. Brashi ana masikio yaliyosimama kama vishikio vya kikombe, na watoto wao wote, maskini, wameyarithi. Ya huyu yalikuwa yamelala. Akashusha pumzi kidogo. Kisha akajiambia kwamba masikio si shahidi.

"Nikugeuzie umwone na kisogo?" Kinanda alisema. "Kila anayekuja hapa huja kumkagua. Hakuna anayeuliza kama anakula."

Mama Vifungo aliona haya, lakini haya haikumzuia. "Mume wangu alikuwa anafanya nini hapa?"

Mwenye nyumba, bibi mmoja mnene aliyekuwa kizingitini akichambua mboga, akadakia kabla binti hajajibu. "Anachora, mwanangu! Alikuwa anakaa hapa hapa nilipo mimi, jua linamchoma. Nilimkaribisha ndani akakataa utadhani nimemkaribisha jela. Hata maji ya kunywa aliomba kwa woga."

"Na kwa nini yeye, kati ya wanawake wote?"

Kinanda alimfunga mtoto taulo. "Hata mimi nilimuuliza. Akasema anamtaka mtu aliyebeba mimba huku watu wanamkodolea macho. Sura nyingine alizojaribu, eti, zilikuwa za wanawake wanaosubiri kupigwa picha. Nikamwambia sawa, ila asimwambie mtu. Nilitaka wanipigie magoti kwanza, ndipo wanitambue."

"Baba wa mtoto ni nani?"

"Hilo, mama, naomba usiniulize. Alisema nikimtaja, hakuna atakayeniamini."

Mama Vifungo aliondoka bila kuridhika. Shaka yake haikuisha, ilihama tu: ilitoka nyumbani kwake, ikaanza kuzurura kanisa zima. Ni nani huyo ambaye neno lake linamzidi uzito binti wa watu? Njia nzima aliwapitia wanaume wa kanisa mmoja mmoja kichwani. Hata padri hakumwacha, Mungu amsamehe.

Katikati ya wiki halmashauri ya kanisa ilikutana kuizungumzia picha, humo humo kanisani. Brashi aliitwa, na mkewe akafuatana naye bila kuitwa. Wajumbe hawakusikilizana. Mmoja alisema ile ni kufuru mchana kweupe. Mwingine akasema mke wake amekuwa akiwasha mishumaa pale tangu Jumapili, sasa nani atakwenda kumwambia aizime? Padri alishauri wasubiri neno la askofu.

Mwalimu wa kwaya akasimama. Alikuwa amekuja na kopo la rangi nyeupe, limeshafunguliwa tayari.

"Hakuna cha kusubiri. Ifutwe leo."

"Mwalimu, kaa kwanza," padri alisema.

"Siwezi kuongoza kwaya mbele ya uso huo! Kila nikigeuka, ananitazama."

Mama Vifungo akainuka polepole. "Mwalimu, mimi nilikaa mbele, hakunitazama. Mume wangu amemchora macho chini. Anamtazama mtoto."

Wajumbe waliinua macho ukutani, kisha wakayageuzia kwa mwalimu. Kopo lilikuwa limemlalia mkononi, rangi inamdondokea kwenye kiatu, mwenyewe hana habari.

"Mnanitazama nini?" aliuliza.



Hakukiri siku ile wala baadaye. Alianza kulalamika koo linamsumbua, akaiacha kwaya, kisha yeye na mkewe wakahamia parokia nyingine. Wapo wanaosema alionewa, kwamba kuiogopa picha si kosa. Mama Vifungo akiulizwa husema yeye hana ushahidi, halafu husonya. Askofu naye alijibu kwa maneno marefu ambayo padri aliyafupisha hivi: iacheni.

Kinanda alirudi Jumapili moja na mwanawe, akakaa benchi la nyuma, watu wasijue wautazame ukuta au benchi. Baada ya misa walimzunguka kwa tabasamu la ghafla, na Mama Vifungo akalitilia shaka hata tabasamu hilo: wanamsalimu binti, au wanaisalimu picha? Kwaya ilimwomba arudi kuimba. Alisema atafikiri, na mpaka leo anafikiri.

Brashi hakuombwa radhi. Alipikiwa vizuri wiki nzima, akaelewa, au akajifanya ameelewa. Juzi kanisa moja la mbali lilimwita akawachoree watakatifu wanawake, ukuta mzima. Alipokuwa akifunga begi alimwona mkewe naye anafunga la kwake.

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Nimechoka kukaa nyumbani," Mama Vifungo alisema, akatangulia mlangoni.