Koti Lililobaki Makete

Tangu arudi kutoka Makete, Mzee Masoudi alikuwa hajashika panga. Na Nanganga nzima inajua, mkorosho ukipogolewa na Masoudi, umepogolewa. Hukata matawi ya chini na yote yaliyokauka, hewa ipite, ukungu wa ubwiriubwiri ukose pa kujificha. Leo jirani yake Jumanne alikuwa amemfuata tena ampogolee mikorosho, naye akasingizia mgongo.

“Mgongo gani huo unaouma ukiona panga tu?” Jumanne akamtania.

Masoudi akacheka kwa shida. Angeanzia wapi kumweleza? Kule Makete mlimani, ambako binti yake Samia ni mwalimu, alikuta mti wa matunda ya epo uani, mfupi, umeinamia upande mmoja kama mtu aliyeupa upepo mgongo. Chini yake ndipo kilipozikwa kitovu cha Asmaa, mjukuu wake wa pekee. Upande unakotokea upepo, matawi yalikuwa makavu matupu. Haya, fundi akaona kazi. Samia alipotoka shule alimkuta baba yake amesimama kando ya mti, anasubiri sifa.

“Baba,” akasema taratibu, “hayo makavu ndiyo yaliyokuwa yanawakinga wenzao.”

Upepo wa kule hauna huruma. Ukapenya palipokatwa, na haikuchukua muda machipukizi yakawa meusi. Samia hakumlaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma mzee. Akaokota matawi aliyoyakata, akayasuka yakawa wigo. Upepo ukapita vilevile. Siku ya kuondoka akavua koti zito alilonunuliwa kwa safari ile, akalifunga kwenye wigo, akapanda basi akitetemeka. Kila alipopiga simu kuulizia mti, aliambiwa bado.

Sasa simu ikaita. Alikuwa Asmaa, kwenye simu ya mama yake.

“Babu, usije kuchukua koti lako.”

Masoudi akakaa chini. “Kwa nini, mama?”

“Mti umetoa majani nyuma yake. Ukilichukua yatasikia baridi.”

Machozi yakamtoka mbele ya Jumanne, wala hakuyaficha. Alipomaliza kuongea na mjukuu wake, akainuka, akajipangusa uso kwa kofia.

“Nipe hilo panga,” akasema. “Lakini kwanza twende shambani kwako, unionyeshe upepo unatokea wapi.”