Oili ya Namba Nne

Mnajimu alisema kaburi lifunguliwe saa tisa alasiri, si dakika moja baadaye. Na saa mbili asubuhi, katikati ya soko la Isotry, gari langu lilikuwa halitaki kuingia gia ya pili.

Kila nikivuta mpini, giaboksi ilisaga kama mtu anayetafuna changarawe. Krrrr! Wauza nyanya wakageuka. Shemeji yangu Rajaona, kaka mkubwa wa marehemu mke wangu, alikaa pembeni yangu amepakata sanda ya hariri kama mtoto mchanga, na chupa ya petroli katikati ya miguu yake, maana tenki za teksi zetu nyingi ni hizo chupa.

"Shemeji," akasema, "gari linalia kabla hatujafika msibani."

"Hatuendi msibani. Tunaenda kucheza."

"Basi lichezeshe!"

Kweli tulikuwa tunaenda kucheza. Bakoly wangu alikuwa amelala kwenye kaburi la ukoo wao miaka saba. Siku hiyo, kwa desturi yetu, angetolewa juani, avishwe hariri mpya, abebwe mabegani, apigiwe ngoma na filimbi, aambiwe habari zote za nyumbani. Tangu alfajiri moyo ulinidunda kama wa kijana anayekwenda kuposa. Hariri ile niliitafuta miaka miwili, na niliapa itafika ndani ya gari hili hili, Renault 4 ya rangi ya maziwa tuliyoinunua pamoja, yeye akiuza vitumbua, mimi nikibeba matofali.

Rajaona akakohoa. "Mwenyekiti wa mtaa naye anakwenda. Ana gari jipya. Amesema kama lako limechoka, sanda aichukue yeye."

Damu ikanipanda. Mwenyekiti yule ndiye aliyeshika ufunguo wa gari la mtaa siku Bakoly alipozidiwa, akaniambia gari linasubiri wageni kutoka wizarani. Nikampeleka mwenyewe, kwenye mashimo ya kumeza ng'ombe, tukafika hospitali ameshanyamaza. Mwezi uliofuata wakubwa wakaja kuzindua kibao cha kutengeneza barabara. Kibao kipo mpaka leo. Barabara ndiyo haijaja.

"Hariri ya mke wangu haipandi gari la mwenyekiti. Afadhali niibebe kichwani."

"Saa tisa itakukuta bado uko njiani, na hariri kichwani! Ule mlima wa kuingia kijijini unaujua."

Nilikuwa naujua. Ukiupanda kwa gia ya kwanza, maji yanachemka kabla ya nusu. Ya tatu inazima. Ni ya pili tu.

Nikaliendesha gari kwa gia ya kwanza mpaka kwa Voahangy, muuza oili. Mumewe alikuwa fundi, akafa, akamwachia spana, naye mdomo alikuwa nao tayari.

"Ralaivao! Nimekusikia tangu darajani. Umeweka nini humo?"

"Oili nzuri kabisa," nikamjibu kwa majivuno. "Namba tano."

Miezi mitatu nyuma viongozi wa chama chetu cha teksi walituita, mmoja akainua kopo juu: hii ni namba tano, ya kisasa, tupilieni mbali namba nne ya babu zenu. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini najua tano ni kubwa kuliko nne. Nikabadilisha siku hiyo hiyo. Gari lilipoanza kusaga nikasema labda oili bado haijazoea.

Voahangy akajishika kiuno. "Namba tano ni ya difu ya lori, zile gia za magurudumu ya nyuma! Lori, Ralaivao! Unadhani hizi ni alama za mtihani?"

"Si ndiyo kali zaidi?"

"Ukali wake ndio ugonjwa wako. Giaboksi yako ina vipete vya shaba. Kipete kinaikamata gia inayozunguka, kinaipunguza mwendo, ndipo inaingia bila kelele. Kinakamata kwa kusuguana nayo. Sasa hiyo namba tano inateleza mno, kipete hakishiki kitu. Halafu dawa yake inakula shaba."

"Mbona viongozi hawakutuambia?"

"Viongozi wako walisoma kopo wapi? Waliona rangi."

Rajaona akaingilia: "Basi tuweke ile nzito ya trekta, inyamazishe kelele."

"Wewe shika sanda yako, kaka! Uzito huo kwa baridi hii, mpini utavutwa na ng'ombe." Akanigeukia. "Na bado mnashuka milima mmezima injini, mkifika chini mnaiwasha kwa kuachia klachi kwenye gia ya pili, hiyo hiyo inayolia. Uongo?"

"Petroli ni ghali. Wakubwa ndio wameipandisha."

"Wakubwa hawakanyagi klachi yako."

Nikalala chini ya pua ya gari, nikalegeza nati. Oili ikamwagika kwenye karai ikiwa bado moto, inanuka yai bovu, na ndani yake vumbi la shaba likimeremeta kama dhahabu. Vipete vyangu hivyo, vimo kwenye karai.

"Itapona?" nikauliza.

"Iliyoliwa hairudi. Iliyobaki itashika." Akaanza kupampu namba nne mpaka ikajaa na kudondoka kwenye tundu la pembeni. "Ukitaka ya pili, kanyaga klachi, toa gia, achia, kanyaga tena, ndipo uingize. Usiwe na haraka ya bwana harusi."

Jaribio la kwanza ilikwaruza. La pili ikanung'unika. Tulipotoka mjini, nikakanyaga mara mbili nikavuta, na sikusikia kitu. Hata kidogo! Rajaona akapiga dashibodi.

"Rudia!"

Nikarudia.

"Rudia tena!"

Tulirudia njia nzima kama watoto waliopewa filimbi.

Saa nane na nusu tukafika chini ya mlima. Gari jipya la mwenyekiti lilikuwa limeegeshwa pembeni, mwenyewe amesimama barabarani kanyoosha mikono. "Leteni sanda, muda unakwisha!"

"Usisimame!" Rajaona akanipigia kelele, ameikumbatia hariri. Mwenyekiti akaruka kando, nikapita kwa kasi, mlima ukaanza kuvuta, injini ikazama sauti. Sasa. Kanyaga. Toa. Achia. Kanyaga. Nikavuta mpini.

Ikaingia kama kisu kwenye siagi.

"Imeingiaaa!" Rajaona alilia machozi, mtu mzima yule. Tukapanda tukipiga honi, na huko juu wapiga filimbi wakatujibu.

Saa tisa kaburi likafunguliwa. Nilimvisha Bakoly kwa mikono yangu, kucha bado nyeusi, nikamweleza habari zote: petroli ilivyopanda, barabara isivyokuja, viongozi na kopo lao. Nikamweleza na habari ya karai, na ya kuzima injini milimani. Hiyo nilimwambia kwa sauti ya chini, maana yeye alinikataza tangu zamani. Kisha tukambeba, tukacheza mpaka magoti yakakataa.

Jua lilipolegea tukaanza kushuka. Rajaona akanyoosha mkono kwenye ufunguo azime, kama tulivyozoea siku zote. Nikaupiga kofi.

"Iache iwake."