Glasi ya Jumamosi

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Sawa, lakini wasichosema ni kwamba mara nyingi umekipikia chai mwenyewe na kukipa kiti kizuri. Muulizeni Hannah.

Hannah, au Mama Kui kama wenzake wa chama cha akina mama kanisani walivyomwita, alikuwa mjane na karani wa ofisi moja katikati ya jiji. Wiki nzima alikuwa mali ya watu: bosi, kwaya, binti yake Kui na shida zake za chuo. Lakini Jumamosi alasiri, jamani, Jumamosi alasiri ilikuwa yake. Nyumbani Kilimani, nyuma ya debe la unga, kulikuwa na chupa ya mvinyo mwekundu aliyokuwa akiinunua supamaketi na kuileta chini ya sukuma wiki, imefungwa gazeti kama samaki.

Basi atavua viatu. Atazima redio, atazima na simu. Atamimina glasi moja, aketi kwenye baraza ya ghorofa ya tatu, na hatakunywa kwanza. Atanusa. Ataugeuza ule mvinyo kwenye jua. Halafu atapiga funda dogo, aliache ulimini mpaka ukali upoe na ubaki utamu wa zambarau zilizoiva, ndipo ameze. Hakuna wa kumharakisha. Hakuna wa kumwuliza sukari iko wapi. Na hakulewa hata siku moja. Anayelewa kwa glasi moja labda kuku.

Aliyejua habari hii ni mmoja tu, Nthenya, rafiki yake wa miaka na mikaka. Hannah alimweleza mwenyewe, maana raha nayo ina kiherehere, inataka kusimuliwa. Nthenya alicheka mpaka akashika mbavu. "Kunywa, mama! Umelea watu wa kutosha." Krismasi ya mwaka 2004 akamletea hata glasi yenyewe, ile ya mguu mrefu.

Mwaka uliofuata chama kikawa kinatafuta mwenyekiti, na kila mtu alijua atakuwa Hannah. Nthenya alikitamani kiti hicho mpaka basi, ila hakusema. Alimwambia rafiki yake, "Wewe gombea, mimi niko nyuma yako." Nyuma alikuwa, kweli!

Jumamosi ya mwisho kabla ya uchaguzi, Hannah akiwa kwenye funda la pili, akasikia nyimbo mlangoni. Nyimbo! Akina mama wa chama, vitambaa vichwani, wamemjia kwa maombi bila taarifa, na kikapu cha unga, sukari na majani ya chai kama ilivyo desturi yao. Akaisukuma glasi nyuma ya chungu cha maua, akatafuna karafuu kuua harufu, akafungua.

"Karibuni! Ghafla hivi?"

"Ni Nthenya aliyetuambia leo alasiri hatutakukosa," akasema Mama Kiragu, mkubwa wao kwa umri, akiketi na kikapu mapajani.

Hannah akamtupia Nthenya jicho, kisha akajikemea. Kumshuku Nthenya? Shetani huyo.

"Kaeni, chai napika mimi," Nthenya akasema, akaingia jikoni. Alirudi ameishika ile chupa shingoni.

"Ngai, Mungu wangu! Mama Kui, hii ni nini? Mimi nilikuwa natafuta majani tu, huko nyuma ya debe la unga!"

Mama Kiragu akaitazama chupa, kisha akafunua kikapu.

"Majani si tumekuja nayo, Nthenya? Si wewe umeyaweka hapa kwa mkono wako?"

Nthenya akaiweka chupa mezani.

Hannah akaenda barazani, akarudi na glasi, akaiweka mezani mbele ya wote.

"Ni yangu. Glasi moja, kila Jumamosi, na kwa hilo siombi msamaha. Lakini Nthenya, nilikwambia wewe peke yako. Wewe tu! Kiti ungeniomba, ningekuachia."

Waliomba, kwa kuwa ndilo lililowaleta. Nthenya aliomba kuliko wote, na machozi juu. Mlangoni Mama Kiragu akamshika Hannah mkono, akamwambia kwa sauti ya chini kuwa kiti hicho sasa hakuna kati yake na Nthenya atakayekikalia. Kisha wakateremka ngazi bila kuimba.

Hannah akarudi barazani na glasi yake. Akaonja. Mvinyo haukuwa na kosa lolote, utamu ni ule ule, lakini masikio yake yalikuwa mlangoni. Hasira zikampanda, halafu, ajabu, kicheko: vile alivyosukuma glasi, zile karafuu, akina mama wazima wakiikodolea macho chupa kana kwamba itawauma! Lazima amsimulie mtu, la sivyo atapasuka. Akawasha simu. Kidole kikabonyeza chenyewe, kwa mazoea, na jina likatokea kwenye kioo kabla hajakumbuka.

Nthenya. Hakuwa na mwingine.