Dobi Akifumba Macho

Dobi aliingia kituo cha kuacha ulevi kwa sababu ya pombe, na siku chache baadaye akagundua ana upungufu mwingine ambao hakuwahi kuujua maishani: akifumba macho, haoni kitu.

Mshauri wa kituo, mwanamke wa makamo ambaye naye zamani chupa ilimburuta nusura imzike, aliwakalisha wagonjwa kwenye duara la viti vya plastiki, akafunga mapazia. "Fumbeni macho," akasema, taratibu kama anayelaza mtoto. "Nendeni mahali penye amani. Patazameni vizuri, muone rangi, muone nani yupo. Kiu ikiwapanda huko nje, mtarudi hapo mpaka ishuke."

Dobi akafumba. Giza. Akakaza macho, giza lilelile, kama ndani ya chungu kilichofunikwa. Miaka yote hiyo, watu waliposema "namwona kama yuko mbele yangu vile," alidhani ni msemo tu, kama mtu anavyosema roho imemruka. Kumbe wenzake walikuwa wanaona kweli!

Zamu yake ilipofika akasema, "Naona ziwa. Maji yametulia tuli. Kuna ndege mweupe kasimama kwa mguu mmoja."

Wenzake wakaguna kwa kuridhika. Mshauri akatabasamu.

Mchana alikuwa uani akianika mashuka ya kituo, kazi aliyopewa kwa kuwa ndiyo aliyoijua tangu ujana. Kijana mmoja akaja kumshikia ncha ya shuka. Alikuwa kinyozi, mwembamba kama uzi, aliyeletwa na mama yake kwa ajili ya unga wa kulevya, na walilala chumba kimoja.

"Mzee wangu," Kinyozi akasema, "lile ziwa ni langu. Nililitaja juzi. Hata ndege hukuniachia?"

Dobi akainamia beseni. "Sioni kitu, kijana. Nikifumba ni giza tupu. Labda pombe imeshakula upande huo wa kichwa."

"Hata sura ya mtu huoni?"

"Hata ya mwanangu."

Kinyozi akakung'uta shuka, akalitupia kambani. "Basi usijali. Nitakuonea mimi."

"Kuonewa nimezoea," Dobi akajibu. "Foleni ni ndefu, kapange nyuma."

Wakacheka mpaka mpishi akachungulia dirishani.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yao ya mchana. Kinyozi aliuliza, Dobi akajibu: binti yake ni mrefu kuliko mama yake marehemu, ana mwanya, akicheka anafinya jicho moja. Aliyajua hayo kama mtu anavyoijua njia ya kwake gizani, kwa kuizoea tu. Kinyozi aliyachukua maneno, akafumba macho, akamrudishia msichana mzima mzima: kakaa dirishani, jua limemwangukia begani, anamenya chungwa bila ganda kukatika. Dobi alisikiliza kama anayesimuliwa mtoto wa jirani, kisha kwenye duara akayarudia kama yake.

Jambo moja hakulisema. Usiku mmoja, akiwa amelewa chakari, alilala juu ya kitambaa cha kupigia pasi na pasi ikiwa inawaka. Chumba kikashika moto. Binti yake ndiye aliyeingia kumvuta, na mkono wake wa kushoto ukaungua kuanzia kiganjani hadi karibu na kwapa. Dobi mwenyewe alitoka bila hata lengelenge. Binti akahamia kwa shangazi yake, na shangazi ndiye aliyemleta Dobi kituoni, tena kwa vitisho.

Siku ya kutembelewa walikuja wote wawili. Binti alivaa mikono mirefu ingawa jua lilikuwa kali. Shangazi mtu alikuwa amechangamka. Mshauri alikuwa amempigia simu kumweleza maendeleo.

"Kaka, nimeambiwa sasa ukishikwa na kiu unafumba macho unamwona binti yako," akasema. "Haya, mwambie mwenyewe asikie."

Binti akamtazama baba yake kwa mara ya kwanza tangu waketi. "Unanionaje, baba?"

Dobi akasema alivyofundishwa: dirisha, jua begani, chungwa.

"Mimi machungwa yananipa vidonda mdomoni," binti akasema. "Toka utoto. Huyo si mimi."

Hapo angeweza kuchomekea uongo mwingine, ukapita. Mlevi wa miaka mingi hakosi uongo. Lakini ulimi ulikuwa mzito siku hiyo. "Sikuoni, mwanangu," akasema. "Nafumba macho, sioni kitu. Najua mambo yako, ila sura haiji. Haijawahi kuja, ya mtu yeyote."

Binti akakunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko, akauweka mkono ule mezani, ngozi imejikunja na kung'aa kama nailoni iliyoyeyuka. "Na huu?" akauliza. "Huu nao hauji?"

"Hauji."

"Mimi nauona kila siku," akasema. Akateremsha nguo, akainuka, akaenda kusubiri getini.

Shangazi akakusanya mkoba wake. "Kaka yangu, na wewe! Si ungemdanganya tu?"

Mshauri alipopata habari hakumgombeza. Alimwita ofisini, akamwambia kama picha haziji, basi watafanya mazoezi kwa masikio na mdomo. Wakawa wanaigiza. Mshauri anakuwa jirani mwenye kilabu cha pombe karibu na kibanda cha Dobi: "Aa, karibu, umepotea!" Naye Dobi anajibu, "Nina kazi mkononi." Mara ya kwanza alikwama katikati. Walirudia mpaka maneno yakawa yanatoka yenyewe, kama salamu.

Kinyozi ndiye aliyekuwa fahari ya kituo. Hakuna aliyesafiri mbali kama yeye akifumba macho. Wengine waliomba asimulie wao wasikilize. Lakini siku moja kabla ya kuruhusiwa, wakikunja mashuka, alisema bila utani wowote, "Mzee, ninyi mnanionea wivu bure. Mimi naona kila kitu. Na kile kitu chenyewe nakiona vilevile. Kijiko, moshi wa kiberiti, damu inavyorudi kidogo kwenye bomba la sindano. Nikienda ziwani, kimeshafika kabla yangu."

"Umemwambia mshauri?"

"Anafurahi sana nikisimulia. Nimwambie nini?"

Dobi alimhimiza amwambie mshauri hayohayo. Kinyozi akasema sawa, kesho asubuhi. Asubuhi mama yake alikuja mapema na pikipiki ya kukodi, wakaagana harakaharaka, na Dobi, aliyekuwa na povu hadi viwikoni, hakuuliza.

Naye aliruhusiwa baadaye, akarudi kwenye kibanda chake. Hakuwa amemaliza hata kuwazungukia wateja wa zamani pale mama yake Kinyozi alipotokea mlangoni, amebeba mfuko wa plastiki. Alitoa shati jeupe.

"Alikuwa anakutaja sana," mama akasema. "Tumemkuta chumba cha nyuma cha saluni yake, sindano pembeni. Mlango aliufunga kwa ndani." Akalilaza shati mezani. "Tunamzika leo alasiri. Hili ndilo alilolipenda. Linyooshe vizuri, baba, kola yake inasumbua."

Dobi akawasha pasi. Mama akaketi kwenye kigoda, akasubiri. Dobi alianza na kola, akaja mabegani, akateremkia mikononi. Shati lilikuwa dogo kama la mwanafunzi. Alijaribu, akiwa ameishika pasi juu, kufumba macho amkumbuke kijana. Hakuja. Sauti tu ndiyo ilikuja, na kicheko cha uani, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mama alipoondoka na shati lake, mwenye kilabu akapiga mluzi kutoka upande wa pili wa barabara. "Dobi! Pole na msiba. Njoo utulize moyo, leo ni juu yangu."

Mate yalimjaa mdomoni. Miguu ilishageuka upande ule. "Nina kazi mkononi," mdomo ukasema, na hakukuwa na kazi yoyote. Akavuta mlango, akaketi sakafuni, akatetemeka peke yake hadi jua likapoa na mazishi yakawa yamepita. Hakwenda. Njia ya makaburini ilipita mlangoni mwa kilabu.

Jioni alipiga simu kwa dada yake. Akapokea binti.

"Rafiki yangu amekufa," Dobi akasema.

"Pole." Kisha, "Umekunywa?"

"Sijanywa."

"Na kesho?"

"Kesho sijui, mwanangu."

Alisikia anavyopumua. "Haya," binti akasema, akampa shangazi yake simu.