Asiye Mstarini Hayupo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanawake ishirini na watatu walisimama na kandambili za patapata ndani ya maji ya chumvi, mbele ya kabati la kioo lililojaa mabuti. Mabuti yalikuwa meupe, mapya, bado yana karatasi tumboni. Kabati lilikuwa na kufuli. Miguu ya wanawake ilikuwa imepasuka kama udongo wa bonde la dambo lililokauka mwezi wa kumi, na chumvi ya kugandishia barafu ya samaki kiwandani pale ilikuwa inajua kila ufa kwa jina.

"Sefti!" akapiga kelele Saviour.

"Fesiti!" wakajibu wanawake: usalama kwanza, kwa lugha ya kampuni.

Saviour ndiye aliyekuwa mkuu wa usalama wa kazi. Alikuwa na filimbi, na kofia ngumu ya manjano ambayo hakuivua hata chooni. Mama yake ndiye aliyempa jina hilo la Mwokozi, kwa Kiingereza. Kampuni ikamtuma Lusaka siku nne kwenda kuuthibitisha wokovu huo, akarudi na cheti.

Ngalula alisimama mwisho wa safu. Alikuwa mjane wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na alikuwa mchuuzi wa samaki mpaka watu wenye bunduki walipoipenda injini ya mtumbwi wake. Wajukuu wanne walikuwa kwa jirani kule, wakila alichowatumia. Kibali chake cha kuishi Nchelenge, upande wa Wazambia, kililala katika droo ya meneja, Bwana Davison, ba Davison kwa watu wa pale. Pasipo kazi, hakuna kibali. Pasipo kibali, mtumbwi wa kwanza kurudi Kilwa, mikono mitupu.

Siku yake ya kwanza alidhani Sefti ni mtakatifu wa Wazambia. Mutu gani anaitwa kwa kelele kila asubuhi, watu wakasimama wima, kama si mtakatifu? Saviour alipolia "Sefti!", Ngalula akajibu kwa sauti ya kanisani, "Utuombee!"

Eneless Nkonde, aliyesimama kando yake, alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa mwenyeji wa pale pale ufukweni, na Kiswahili alikiokota sokoni Mununga akiwauzia samaki Wakongomani.

"Mama Ngalula, Sefti hamuombee mutu," alisema akipangusa machozi. "Sefti ni karatasi."

Na kweli karatasi ilipita. Kila mmoja alitia saini kwamba amepewa mabuti, amepewa glavu, amefundishwa. Kisha wakaenda kuvuta vipande vya barafu kwa mikono mitupu.

Juma la pili king'ora kililia. Huko Kilwa, kitu kikilia vile, mwenye akili haulizi ni nani anakuja. Ngalula alikamata bulungushi lake la nguo, akateremka hadi ziwani, akaingia mtumbwi wa mtu asiyemjua, akafungua kamba. Walimwita alipokuwa ameshapiga makasia ishirini kuelekea kisiwa cha Chisenga, na samaki wa mwenye mtumbwi miguuni.

"Ba mayo, mama, hapa si Kongo!" Saviour alifoka. "Hapa mutu hakimbii. Ilikuwa mazoezi!"

"Mazoezi ya kufwa?"

"Ya kupona! Kuja hapa." Akamburuta hadi ubao wa kijani wenye picha ya watu na mishale, nyuma ya chumba cha mashine, ukutani karibu na geti la barabarani. "Fasi yenu ni hii. Mi nasoma majina, kila jina mara tatu. Bote bakijibu, geti linafunguliwa. Jina moja likikosa, tunaanza tena juu. Sefti haiache mutu nyuma."

Geti lilifungwa kwa sababu ba Davison aliamini kwamba mwanamke akisikia king'ora, jambo la kwanza analowaza ni kuiba samaki.

Ngalula alitazama chumba cha mashine, akatazama ziwa, akalowesha kidole akakiinua. "Bon, shefu. Ile gesi ya barafu ikitoka pale mu mashine, upepo wa mchana wa ziwa utaitupa wapi? Si hapa kwetu?"

"Ramani ilichorwa Lusaka."

"Lusaka iko na ziwa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Saviour hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake, na jioni ile Ngalula alirudia saini yake mara mbili kwamba ameelewa.

Wageni walipokuja na kamera, kabati lilifunguliwa. Mabuti yalitembea hatua arobaini, yakapigwa picha chini ya ubao wa kijani, yakapanguswa, yakarudi ndani. Eneless alisema mabuti yale yanaishi vizuri kuliko mume wake.

Basi mwezi wa kumi ukafika na joto lake. Bomba la gesi lilikuwa linavuja tangu Julai, na fundi alilifunga kwa mpira wa baiskeli, kwa kuwa ndicho alichopewa. Siku hiyo, saa nane mchana, mpira ulichoka.

Ilianza harufu, kama mkojo wa mbuzi mia katika chumba kimoja. Halafu macho yakawaka. King'ora kililia, na wanawake, waliokwisha kufundishwa, hawakukimbia. Walikwenda wakapanga mstari chini ya ubao wa kijani kama watoto wa Komunyo ya kwanza, na upepo wa ziwa ukawaletea gesi yote, bila kuchelewa.

Maski ya gesi ilikuwa moja. Aliivaa Saviour, kwa kuwa msomaji wa majina asipokuwa mzima, nani atayasoma? Sauti yake ilitoka ndani kama mbuzi aliyefungwa guniani. Hakuna aliyesikia vizuri jina lake, hivyo kila jina likaitwa mara tatu kwelikweli.

"Eneless, tuende mu mayi ya ziwa," Ngalula alisema, ameziba uso kwa kitenge.

"Awe, hapana. Bado hajaniita."

"Atakuitia kaburini! Kuja!"

"Nikitoka bataandika siko. Mama, mi niko na watoto." Alikohoa, akauvuta mkono wake. "Bado majina kidogo tu."

Ngalula alikimbia. Alizunguka chumba cha mashine kwa upande wa ziwa usio na ukuta, upepo unakotoka, akaingia ziwani mpaka shingoni, na huko akapata pumzi. Kutoka majini aliyasikia majina. Alisikia "Eneless Nkonde!" mara tatu, na Eneless akajibu, "Nipo!", kwa sauti ya mtu anayemeza moto. Halafu likaja jina la mwisho, lililoandikwa kwa mkono chini kabisa ya orodha.

"Ngalula!"

"Niko!" alipiga yowe. "Niko mu mayi! Fungua geti, ao mukimbie huku!"

"Ngalula!"

"Nimesema niko!"

"Ngalula!" Aliitika mara ya tatu, na sauti ya guniani ikasema, "Asiye mu mustari haiko. Tunaanza tena."

Na wakaanza tena. Walikuwa katika jina la tisa Mumba, mlinzi, alipovunja kufuli la geti kwa jiwe. Wengine walitoka wakitambaa. Eneless hakutoka.

Siku ya nne baada ya mazishi, Ngalula aliitwa biro, ofisini kwa meneja. Ba Davison alimpa kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mezani palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa kibali chake.

"Pole sana, mama. Sisi sote tumefiwa."

"Asante, bwana mukwai."

"Sasa. Wenzako walikungojea. Saviour ameandika: dakika kumi na moja." Alimsukumia karatasi ya pili. "Hapa inasemwa ulitoka mstarini kinyume cha mafundisho, ukawachelewesha. Mafundisho ulisaini mwenyewe."

"Nilijibu. Mara tatu, sawa vile sheria inasema."

"Ulijibu ukiwa wapi?"

"Mu mayi."

"Maji si kituo cha kukutanikia."

Ngalula alimtazama kama anavyotazamwa samaki aliyeanza kunuka lakini muuzaji anaapa ni wa leo. "Ba Davison, mutu ameuawa na bomba."

"Bomba halina mkono wa kutia saini, mama. Wewe unao."

"Na kama ningesimama pale? Mungezika batu babili."

"Inawezekana." Alifungua kalamu, akaiweka juu ya kibali. "Lakini mstari ungekuwa kamili. Saini, urudi kazini. Usiposaini, mtumbwi wa saa kumi una nafasi."

Ngalula aliishika kalamu. Ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri, kalamu ya watu wakubwa. Nje, filimbi ililia, na kupitia dirisha aliona wanawake wakijipanga kwa zamu ya mchana. Saviour alikuwa na orodha ile ile.

"Eneless Nkonde!"

Wanawake walitazama maji yaliyozunguka vidole vyao.

"Eneless Nkonde!" Saviour aliielekeza filimbi mwisho wa safu. "Wewe mupya wa Kilwa! Jina lako hapa ndiyo hilo. Orodha inatoka Lusaka, haibadiliki mpaka mwaka mpya. Eneless Nkonde!"

Pale mwisho palisimama mwanamke mgeni, bulungushi lake bado kichwani, patapata mpya miguuni.

"Nipo!" aliitika kwa furaha. "Nipo, shefu!"