Mlango wa Siku Tatu

Gunia lililofunika mlango wa Awiti lilikuwa limelowa siku nne mfululizo, na kila upepo ulipovuma kutoka mtoni lilipiga ukuta na kurusha maji hadi kitandani. Kitanda chenyewe kilikuwa kimesogezwa mara tatu. Hapakuwa na pa kukisogeza tena, labda juu ya mafiga. Selpha, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa amelala hapo akikohoa kikohozi cha mtu mzima, na mbavu zake zikibonyea kila alipovuta pumzi. Ilikuwa Julai ya mwaka wa hamsini na saba, katika laini ya nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa nje ya Ruiru, ambako jua la Julai watu hulisikia tu.

Mlango wa zamani ulikuwa umeliwa na mchwa. Dirisha halikuwa dirisha, lilikuwa tundu. Ajwang, mumewe Awiti, aliyefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa kahawa, alimwendea Waweru, seremala wa Ruiru mjini, wakapatana mlango mmoja na dirisha moja, alipe polepole. Lakini nyumba ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo Ajwang alikwenda kwanza kwa nyapara Mbaluka, kofia mkononi, kuomba ruhusa. Mbaluka alipeleka habari ofisini akarudi na jibu: nyumba ya kampuni haiguswi na mfanyakazi, na atakayeigusa ahame. Mtu anakatazwa kujinunulia mlango! Ajwang alivaa kofia yake akarudi kwenye mashine.

Kwa hiyo Jumamosi, lori lilipoingia kwenye laini limejaa milango na madirisha, na juu yake ameketi Waweru yuleyule, Awiti aliona kwamba maombi yake yamefika. Ofisi imeamua kuwatengenezea watu nyumba, Mbaluka alitangaza. Hakueleza zaidi, wala hakuna aliyemuuliza. Mtu aliyeloweshwa na mvua haulizi mwavuli umetoka wapi.

Waweru hakupima. Alichukua mlango wowote akausimamisha penye pengo lolote, kisha akaziba nafasi zilizobaki kwa vipande vya mbao. Misumari aliipigilia nusu tu. Awiti alipouliza mbona vichwa vinachungulia, alijibu bila kumtazama kwamba mbao ni mbichi, zikikauka atarudi kukaza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kazi aliijua. Mlango ulijifunga taratibu bila kulia, na dirisha lilikuwa na vioo vinne vizima.

Nyuma yake alifuata Mbaluka na karatasi na kidau cha wino. Kila mama aliweka dole gumba. Awiti hakujua kusoma, lakini dole alilijua. Pale shambani ukipewa blanketi unaweka dole, ukipewa jembe unaweka dole, na tangu hapo kitu ni chako. Alibonyeza kwa nguvu ili alama itoke vizuri, akijua amepokea mlango wake.

Jioni ile alichota udongo mtoni, akauchanganya na kinyesi cha ng'ombe, akakandika kuizunguka fremu ndani na nje kama wanawake wa kwao ziwani wanavyokandika, mpaka sisimizi asipate njia. Jumapili Selpha alikunywa uji kikombe kizima. Hawakwenda kanisani. Walikaa ndani, mlango umefungwa mchana kweupe, na Ajwang akaufungua na kuufunga tena na tena akicheka peke yake. Awiti alikuwa na furaha iliyomtia hofu kidogo.

Jumatatu alikuja mkaguzi wa nyumba za wafanyakazi, kijana wa Kizungu mwenye jalada kwapani. Alisimama mlangoni.

"Mama, nyumba iko sawa?"

"Iko sawa, bwana. Mtoto sasa anapumua."

Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo. Ilikuwa kweli tupu.

Jumanne lori lilirudi. Awiti alijua Waweru amekuja kukaza misumari, akamwekea maji ya chai motoni. Waweru aligusa ule udongo uliokauka, akatikisa kichwa.

"Umekandika, mama Selpha?"

"Si ni baridi, fundi."

"Hungekandika. Natakiwa kutoa."

"Utoe upeleke wapi?"

"Shamba la pili. Wao wanakaguliwa Alhamisi." Aliteremsha sauti. "Mimi nimeandikwa kuweka na kutoa. Nikikataa, watatafuta fundi mwingine."

Awiti alisimama akaegemeza mgongo mlangoni. Aliomba apewe wiki moja tu, mtoto apone. Waweru alitazama nyundo yake. Aliyejibu ni Mbaluka, aliyekuwa ameshuka kutoka kwenye lori na karatasi zake.

"Ondoka hapo, mama. Ama unataka bwana yako akose kazi?"

Akaondoka. Baadaye, hilo la kuondoka ndilo lililomuuma kuliko yote. Udongo wake ulikuwa umeshika kweli, na fremu ilipong'oka iling'oka na ukuta, likabaki pengo ambalo hata ng'ombe angepita. Mbaluka aliandika kwamba mwenye nyumba namba nne, ndiye Awiti, ameharibu ukuta wa kampuni.

Gunia sasa lilikuwa fupi. Kufikia Jumatano jioni Selpha alikuwa ameacha kulia, na kimya kile kiliwatisha zaidi ya kilio. Ajwang alinyimwa ruhusa ya kuacha mashine. Alhamisi asubuhi Awiti alimfunga mtoto mgongoni akashika barabara kwa miguu kwenda hospitali ya Thika.

Hakuwa amefika mbali alipoona lori chini ya miti, kwenye laini ya shamba la pili, na milango imesimama safu nzima. Mkaguzi alikuwa akirudi kwenye gari lake. Awiti aliiacha barabara akakimbia.

Alimweleza yote: lori, misumari, ukuta, mtoto. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, hilo haliwezi kukanwa. Kisha aliingia garini, akafungua jalada na kugeuza karatasi.

"Nyumba namba nne. Mlango mzuri, dirisha mzuri, iko tangu mwaka jana. Hii kidole ya nani?"

Awiti aliinama kutazama. Alama ilikuwa imetoka vizuri sana.

"Yangu, bwana."

"Na Jumatatu wewe nasema nini?"

"Nilisema iko sawa."

Ng'ambo ya uwanja, mwanamke asiyemjua alikuwa akikandika udongo mbichi kuzunguka fremu, kwa kiganja, polepole, akiimba wimbo wa kanisani. Waweru alikuwa karibu naye, amewapa mgongo.

"Bwana," Awiti alisema, "mtazame tu mtoto."

Manyunyu yalikuwa yakiingia garini na kulowesha karatasi. Mkaguzi alizifuta kwa mkono, akazirudisha ndani ya jalada, akapandisha kioo cha dirisha mpaka juu.